Nimebomoa ukuta nipate salo (sebule) kubwa ya mwangaza, sasa salo ni kubwa na giza nayo ni kubwa. Kosa iko wapi?

#1 Papa Ezra (Mapendo)
Bandugu jambo. Niko na nyumba ya mbao hapa Mapendo, ile ya kawaida ya Goma, fondasio ya mawe ya volkano mpaka kwa magoti, juu mbao, kisha tole (bati). Metre 7 kwa 6. Ilikuwa na salo kadogo na vyumba vitatu vya kujibana. Mtoto mkubwa ameenda kusoma Bukavu, njo nikasema ngoja nitoe chumba yake niunganishe na salo, tupate ile nafasi wazi tunaonaka mu matelefone, fotoyi huku, meza ya kula kule, mwangaza inaingia mpaka unasahau kama kuna ampuli. Nimetoa ukuta. Nimetoboa dirisha mupya ya metre 1,20 kwa 1,20 pahali chumba ya mtoto ilikuwa. Nimelipa fundi, nimelipa vioo, nimelipa antivoli, zile vyuma vya kuzuia wezi. Na sasa saa nane ya mchana, jua iko inje inapiga, mimi niko mu salo nawasha taa ya telefone juu ya kutafuta telekomande. Bibi yangu hasemi kitu, wageni wakikuja anawasha tochi pole pole anaweka juu ya meza. Fundi anasema dirisha ni kidogo. Shemeji anasema ni rangi. Mimi naona wote wawili wamenikula pesa. Nisaidieni mbele nitoboe ingine.

#2 Bleu wa Kivu
Shemeji ana haki. Ukuta za ndani ni rangi gani? Usiniambie ni vidanje, ile mafuta ya injini ya kutupwa.

#3 Papa Ezra
Ni vidanje. Lakini ya zamani, baba njo alipaka, 2003, na mpaka leo mdudu haijagusa hata mbao moja.

#4 Mama Plamedi
Hahaha Papa Ezra unaishi ndani ya injini kisha unauliza juu ya nini ni giza. Mbao ikishakunywa mafuta ya gari inameza mwangaza yote, unaweza kuweka dirisha kumi. Sisi hapa Himbi tulipigilia tripleksi, zile mbao nyembamba pana, ndani, juu ya mbao, tukapaka nyeupe, siku ya kwanza niliingia nikafikiri mtu amesahau kuzima taa. Ila usipake nyeupe moja kwa moja juu ya vidanje papa, ile mafuta inatoka tena pole pole, kisha miezi mbili ukuta iko na madoa kama mtu alimwanga chai.

#5 Fundi wa Ndosho
Ngojeni kwanza na rangi yenu. Niko na maulizo mbili. Ya kwanza, hizo dirisha zinaangalia wapi, mulima (kaskazini), ziwa (kusini), Gisenyi (mashariki) ao Sake (magharibi)? Ya pili njo inanisumbua sana: ule ukuta ulitoa, fermu, ile kiunzi ya kubeba tole, zilikuwa zinakalia juu yake ao zilikuwa zinapita tu? Mtu akiniambia nimetoa ukuta na hasemi ameweka nini pahali yake, mimi siwazi tena mwangaza, nawaza vichwa ya watoto.

#6 Papa Ezra
Dirisha mupya inaangalia Gisenyi. Ile ya zamani inaangalia Sake, iko chini ya barza, nilisahau kusema barza. Nilisahau pia kusema jirani wa upande ya Gisenyi alijenga etaji mwaka uliopita, kati yetu mtu anapita akigeuka pembeni. Fermu sijui, fundi alisema haina shida.

#7 Chukudu Express
"Nilisahau kusema." Kaka ulisahau ETAJI? Yani umenunua vioo na antivoli ya kuangalia bloki za jirani, mwizi mwenyewe hawezi kupita pale, anenepe kidogo tu anabaki amenasa mpaka asubuhi.

#8 Bleu wa Kivu
Ata na jirani, nabaki kwa rangi.

#9 Enjenyeri Mudogo
Kuna kipimo tunafundishwa. Mwangaza ya dirisha ya pembeni inaingia ndani karibu mara mbili ya kimo cha juu ya dirisha, tuseme mbili na nusu kama inje hakuna kitu inafunika. Hesabu haianzii kwa upana, inaanzia kwa kichwa cha dirisha toka chini. Yako ni metre ngapi? Na salo inaenda ndani metre ngapi sasa?

#10 Papa Ezra
Kichwa cha dirisha ni 1,80. Plafo ni 2,20. Salo ilikuwa 3 kwenda ndani, sasa ni 6.

#11 Enjenyeri Mudogo
Njo hapo. Mara mbili ya 1,80 ni 3,60. Zamani dirisha moja ilikuwa inatosha salo ya metre 3, wewe ukaongeza salo lakini mwangaza ni ile ile. Ni kama kuongeza maji mu mchuzi juu wageni wamekuja, chumvi haikuongezeka. Ungeacha upana ya 1,20 ukapandisha dirisha mpaka kwa plafo, ungeona tofauti. Dirisha nyembamba ya juu inashinda dirisha pana ya chini.

#12 Mama Plamedi
Mwanangu hesabu yako nimeipenda lakini haisimami. Papa ana dirisha pande mbili. Huyu wa Sake anafanya 3,60 yake, huyu wa Gisenyi 3,60 yake, pamoja ni zaidi ya 6. Kwa kipimo yako salo ingekuwa inawaka.

#13 Enjenyeri Mudogo
Mama uko na haki, lakini nilisema kama inje hakuna kitu inafunika. Upande moja barza, upande ingine etaji. Dirisha inaleta mbingu ndani, kama ukisimama katikati ya salo huoni hata kipande ya mbingu, ile unapata ni mwangaza ya kuazima kwa ukuta ya jirani. Jirani amepaka rangi gani?

#14 Papa Ezra
Hajapaka. Ni bloki tu na sima.

#15 Mzee wa Kasika
Salamu kwenu watoto. Enjenyeri ameongea vizuri lakini mumesahau jua yenyewe. Goma iko chini kidogo ya ikweta, haifiki hata digri mbili. Kwetu jua ya mchana inapita juu ya kichwa, mwezi wa sita inainama kidogo upande ya mulima, mwezi wa kumi na mbili inainama upande ya ziwa. Ile ya kuingia ndani ya nyumba ni ya asubuhi toka Gisenyi na ya jioni kwenda Sake. Sasa ya asubuhi jirani ameifunga, ya jioni barza imeifunga. Na ya mchana inabaki juu ya tole, hapo haina mlango. Wazee walijenga barza ndefu wakijua, mvua ya hapa inakuja ya kulala na mbao ikilowa kila siku inaoza. Usikate barza haraka.

#16 Chukudu Express
Mzee aksanti. Lakini wazee hao hao walikuwa wanajenga dirisha kama ya benki, mkono tu njo inapita.

#17 Mzee wa Kasika
Walikuwa na sababu, wezi na baridi. Wewe ulizaliwa watu wako na vitre.

#18 Kijana wa Mabanga
Mimi naona muache kupoteza pesa kwa nyumba ya mbao, Papa Ezra angojee ajenge ya bloki. Na kwanza katikati ya mji nyumba mingi ziliingia chini, tangu lava ya 2021 ilipita mjini mpaka mu ziwa udongo ilipanda, nyumba zote zikabaki shimoni, njo giza inatoka pale.

#19 Mzee wa Kasika
Unachanganya. Ile ilipita katikati ya mji mpaka ziwani ni ya tarehe 17 Januari 2002, ilifunika hata kipande ya uwanja wa ndege. Ya tarehe 22 Mei 2021 ilisimama Buhene, haikufika mjini, sisi tulikimbia juu ya matetemeko na ile amri ya kutoka. Kuhusu nyumba kuingia chini ni kweli, lakini ni ya 2002. Katikati ya mji kulikuwa nyumba za etaji, zamani unapanda ngazi kufika juu, kisha lava ile etaji ikawa njo chini, watu wakafungua mlango pale dirisha ilikuwa. Mimi niliziona na macho yangu.

#20 Papa Ezra
Kwetu lava haikufika mzee. Lakini barabara walipandisha na kifusi, sasa ukitoka unapanda mawe mbili. Nilisahau kusema.

#21 Chukudu Express
Bandugu tumuombe Papa Ezra atuambie kama nyumba iko na tole. Pengine alisahau kusema iko mu pango.

#22 Bijoux Katindo
Kama plafo ni 2,20 na barabara iko juu, mimi ningechimba sakafu nusu metre, unapata kimo, unatia karo nyeupe, inakuwa kama nyumba za Ulaya ile unashuka ngazi mbili kuingia mu salo.

#23 Mama Plamedi
Dada Bijoux! Unachimba na nini, chini ni jiwe ya lava. Na ukifaulu, mvua ya kwanza barabara yote inashuka kwako kunywa chai.

#24 Lac Vert Moja
Na mazuku je? Kwetu huku Lac Vert, na Mugunga, na vipande vya Kyeshero, shimo si kitu ya kuchezea. Ile gazi inatoka mu udongo ni nzito kuliko hewa, inalala chini pahali pa shimo, haina rangi, usiku na asubuhi mapema upepo haijaanza njo iko mbaya zaidi. Tunapoteza mbuzi, kuku, na watu pia. Mapendo pengine hamuna, sijui kila parsele, lakini mimi mtu akiniambia anashusha sakafu na watoto wanalala chini, nakataa kwanza kisha tunaongea.

#25 Bijoux Katindo
Basi nimeondoa wazo yangu, musinipige.

#26 Solo wa Birere
Mimi niko na jibu ya bei ya bure na hakuna mtu ameisema. Chupa. Kuna fundi wa magari wa Brazil, anaitwa Alfredo Moser, mwaka 2002 umeme ilikuwa inakatika kwao, akachukua chupa ya plastiki ya litre mbili, akaijaza maji na vifuniko viwili vya zhaveli, ile dawa ya kung'arisha nguo, ili maji isigeuke kijani, akaitoboza mu tole, nusu inje nusu ndani. Jua inaingia mu maji inatawanyika pande zote, unapata kama ampuli ya wati 40 mpaka 60. Mimi nilifanya tatu mu atelye yangu ya kushona, nashona nguo nyeusi mchana bila taa.

#27 Mzee wa Kasika
2002. Sisi tunakimbia lava na magodoro kichwani, mwenzetu anaweka chupa.

#28 Fundi wa Ndosho
Chupa inafanya kazi sikatai, lakini Solo sema na mwisho yake. Njo mimi nilikuja kuziba ile shimo ya pili, mvua ilikuwa inashuka juu ya mashini.

#29 Solo wa Birere
Nilitia silikoni mbaya. Ya pili tu! Ile mbili zingine ziko kavu mpaka leo.

#30 Bleu wa Kivu
Na kama uko na plafo je? Chupa inaangaza panya mu plafo, salo inabaki vile vile. Lazima utoe plafo ao utoboe plafo pia.

#31 Yaya wa Lubumbashi
Bandugu ba Goma jambo sana. Shiye huku mu Lubumbashi tunajengaka na briki ya kuchoma, plafo inakuwaka juu, madirisha makubwa, haina paka mambo ya mbao. Lakini hata huku tole transparan tuliweka kwa dada yangu mu Kenya, mwezi wa kumi joto ilikuwa mingi mpaka batu banakaa inje chini ya muembe. Mwangaza yote mu nyumba na batu bote inje. Mufanye angalisho.

#32 Dereva wa Kigoma
Wakuu habari, napita tu, nasoma uzi huu tangu jana nacheka peke yangu. Kenya ipo Lubumbashi tena? Na hiyo plafo ndo nini?

#33 Mama Plamedi
Karibu kaka. Plafo ni dari. Rido ni pazia. Kenya ni komini ya kwao Lubumbashi, usitafute Nairobi. Vidanje uliza injini ya gari yako.

#34 Chukudu Express
Yaya wa Lubumbashi, joto haiko shida yetu, Goma iko juu karibu metre 1500 na usiku tunavaa makoti. Shida ya tole transparan huku ni ingine. Moja, mawimbi yake lazima ifanane na ya tole zako, vinginevyo mvua inapita pale zinakutana. Mbili, ile ya bei rahisi inageuka manjano na kupasuka kwa misumari, jua inaikula. Tatu, mwizi anaikata na kisu, antivoli yako inabaki inaangalia. Nilibeba mingi mu chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, na watu wale wale wananiita tena kisha miaka mbili tatu.

#35 Lac Vert Moja
Na moshi ya mulima, usisahau. Ile mvua ikishuka na moshi ya volkano inakula tole za chuma, plastiki haiogopi ile. Kila kitu iko na adui yake.

#36 Mama Plamedi
Papa Ezra, mbele wakumalize na tole, jiko iko wapi mu huu mpango yako ya nafasi wazi? Usiniambie ni ile kwizini amerikeni, jiko wazi ndani ya salo.

#37 Papa Ezra
Bibi njo anataka. Kikaunta kidogo, anapika anaangalia televizio na sisi.

#38 Mama Plamedi
Anapika na nini?

#39 Papa Ezra
Mara mingi babula ya makala.

#40 Mama Plamedi
Hapana hapana. Nafasi wazi na makala haviendi pamoja. Makala ikiwaka ndani na madirisha imefungwa juu ya baridi, kuna gazi inatoka haina harufu, mtu analala haamuki. Na hata asipokufa, plafo yako nyeupe kisha mwaka moja inarudi kuwa vidanje. Wale munaona mu telefone wanapika na umeme ao gazi. Babula ibaki inje chini ya kipande ya tole, mu ile kikaunta apange sahani na matunda. Kisha mimi kama mama nasema ingine: mgeni akiketi mu salo anaona sufuria, anaona nyama ni vipande ngapi. Ukuta ya jiko ilikuwa inaficha mambo mingi.

#41 Bijoux Katindo
Hii ya vipande ya nyama imenimaliza.

#42 Papa Ezra
Bandugu, nirudi kwa Fundi wa Ndosho, ile ulizo ya pili. Jana mlango wa chumba yetu umeanza kukataa kufunga. Unagusa juu. Na plafo katikati naona kama imeshuka kidogo, kama tumbo ya mtu amekula sombe mingi. Pengine ni macho.

#43 Fundi wa Ndosho
Haiko macho. Njo nilikuwa naogopa. Fermu ya kweli, ile ya pembe tatu tatu, inaruka metre 6 bila shida. Lakini ile tunapigiliaka mu nyumba ya mbao mara mingi si fermu, ni mbao zinakalia ukuta wa katikati, na wewe ukuta umetoa. Tole pamoja na mvua na upepo yote inakalia plafo sasa. Leo, usingoje kesho, chukua miti mbili ya kaliptusi simamisha chini ya pale inashuka, na ubao chini ili isitoboe sakafu. Kisha mutie putre, ile boriti ya kulala. Tafuta mbao ya libuyu, usiniletee kaliptusi mubichi, ikikauka inapinda na plafo inapinda nayo. Poto (nguzo) mbili, nafasi ya metre 4 katikati wazi, kila poto na jiwe yake chini, isikalie sakafu tu.

#44 Bleu wa Kivu
Salo ya nafasi wazi na poto mbili katikati. Kama baa.

#45 Fundi wa Ndosho
Heri baa kuliko kaburi. Na kuna jambo watu hawajui, ukuta ya mbao ya katikati haibebi juu tu, inazuia nyumba isiyumbe. Mu 2021, zile siku za matetemeko kisha volkano, nyumba za mbao nyingi zilicheza zikarudi pahali pake wakati za bloki zilikuwa zinapasuka. Ukitoa ukuta bila kutia mbao za kukingama mu pembe, ile zawadi umeitupa.

#46 Muana Kadutu
Minatoka Bukavu. Ile mutetemeko ya tarehe 3 Februari 2008 yetu ilipasuka juu ya dirisha, paka pale. Fundi alikuwa ametia linto, ile boriti ya juu ya dirisha, fupi, imekalia ukuta vidole ine tu kila upande, dirisha ilikuwa kubwa, ya mwangaza, baba alikuwa najivuna nayo. Tangu ile siku mi naona dirisha kubwa naangaliaka kwanza juu yake. Linto iingie mu ukuta angalau sentimetre 20 kila upande. Papa Ezra, mtoto wako njo anasoma kwetu? Anajua kama chumba yake haiko tena?

#47 Papa Ezra
Bado sijamwambia.

#48 Chukudu Express
"Alisahau kusema."

#49 Papa Ezra
Bandugu, imepita kama mwezi mbili, nimerudi na habari. Fundi wa Ndosho alikuja mwenyewe, aksanti sana fundi. Poto mbili na putre ya libuyu ziko, mlango unafunga. Jumamosi ile ile, kwa kuwa watu wa kazi walikuwa pale, tulifanya na mengine. Tulitoa tole tatu za barza tukatia transparan ya muzito. Tulipigilia tripleksi ukuta moja, ile ndefu, nyeupe. Na jirani nilimuendea na ndoo ya chokaa, nikamwambia nikupakie ukuta yako ya upande yangu bure, akacheka akasema paka hata zote ine. Leo saa nane nimesoma Biblia mu fotoyi bila taa. Katikati kabisa kwa meza bado ni giza kidogo lakini si ile ya mbele.

#50 Bleu wa Kivu
Nilisema rangi.

#51 Enjenyeri Mudogo
Rangi gani, ni barza! Mbingu imeingia. Bila tole transparan, tripleksi ingeangaza na nini?

#52 Mama Plamedi
Ni ukuta ya jirani. Mwenyewe ulisema mwangaza ya kuazima, sasa jirani anakopesha vizuri.

#53 Mzee wa Kasika
Watoto, angalieni kalenda. Papa Ezra aliandika ya kwanza mwezi wa ine, mbingu imejaa mawingu ya mvua. Leo tuko mwezi wa sita, kipwa, mbingu ni safi. Pengine hata bila kugusa kitu angesoma Biblia.

#54 Mama Plamedi
Mzee, yeye mwenyewe aliandika kule juu jua iko inje inapiga. Soma #1.

#55 Mzee wa Kasika
Nimesoma. Jua ya mwezi wa ine inapiga saa moja kisha inakimbia.

#56 Enjenyeri Mudogo
Shida ni kufanya yote siku moja, sasa kila mtu anachukua ushindi. Papa Ezra funika zile tole tatu na shitingi, ile turubai ya plastiki, siku moja, saa nane, piga foto. Kesho yake toa shitingi, funika tripleksi na drapu nyeusi, piga foto. Tutajua.

#57 Papa Ezra
Bibi anasema mtu akileta shitingi mu nyumba yake analala nayo inje. Na amenunua rido nzito, rangi ya damu ya ng'ombe, juu usiku taa ikiwaka wapita njia wanaona televizio yote na wanasimama kwa barabara kuangalia mupira. Mchana anazifungua nusu.

#58 Bleu wa Kivu
Rido nyekundu. Rangi, nawaambia.

#59 Fundi wa Ndosho
Mimi mwangaza mutagawana, naomba tu mbao za kukingama mu pembe, bado mbili hazijawekwa. Usizisahau juu umepata pa kusoma Biblia.

#60 Bijoux Katindo
Foto basi! Tunaongea mwezi mbili hatujaona hata poto.

#61 Muana Kadutu
Na mtoto? Huku masomo inaisha mwezi wa saba.

#62 Papa Ezra
Amepiga simu jana, anakuja tarehe kumi. Aliuliza kama godoro yake iko chumbani. Nikamwambia godoro iko.

#63 Chukudu Express
Papa Ezra, ule mlango wa chumba ya mtoto unauzisha? Niko na mtu Majengo anatafuta wa sentimetre 80, nakuja kuuchukua na chukudu leo.

#64 Papa Ezra
Ngoja kwanza mtoto afike.